Mleta uzi wa Kibosho: msichimbe hiyo njia ya farasi kabla hamjaiona mvua ikipita hapo

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza.

Umeandika kwamba kikundi chenu cha kujitolea kinataka kufufua njia ya kuendeshea farasi huko juu Kibosho. Mtafuata njia ya zamani ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja hadi mtoni, mtafyeka majani yote hadi udongo uonekane, mtachimba mtaro katikati, na mnataka mmalize mwisho wa Februari ili masika yawakute mmeshamaliza. Halafu ukauliza mapanga gani ni mazuri, glavu zinapatikana wapi Moshi mjini, watu wapewe chakula gani, na kama kuna haja ya fulana za kikundi.

Fulana zinaweza kusubiri. Hayo uliyoyataja kama maelezo ya kawaida, njia ya ng'ombe, kufyeka hadi udongo, mtaro, Februari, ndiyo yaliyotumaliza sisi huku juu ya Usa River, yote manne, kwa mpangilio huohuo. Nimesoma uzi wako nikahisi kama kuna mtu amekunakilia mpango wetu. Na nimeona wachangiaji watatu hapo juu wanakupigia makofi. Wananiudhi, maana hakuna hata mmoja aliyekuuliza mteremko una ukali kiasi gani.

Sisi tulikuwa na mtaalamu. Alikuja akiwa na uzoefu wa kuchonga barabara za magari ya watalii kwenye mbuga tambarare, akatembea nasi asubuhi moja, jua linawaka, ardhi imekauka kabisa. Akasema farasi ana nguvu, mteremko haumsumbui, njia ikinyooka inakuwa fupi na kazi inakuwa ndogo. Akasema maji yakipewa mtaro yanakuwa na adabu. Akashauri tuweke magogo ya kukatiza njia kila baada ya hatua kadhaa. Akapiga picha, akapokea posho, akaondoka. Mzee mmoja jirani alikuwa amesimama pembeni na jembe begani, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa maji hushuka na mawe." Mtaalamu akamjibu kwamba wameshalizingatia hilo. Hakuna aliyelizingatia. Mzee yule alikuwa anajua kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa anakijua, na hakuna aliyemkalisha chini akamsikiliza.

Elewa jambo hili vizuri, maana huko kwenu ni vilevile. Udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni wa volkano. Ni mzuri kwa migomba na kahawa, ni mwepesi, unachimbika bila taabu, na kwa sababu hiyohiyo maji yanaubeba bila taabu. Ukiuacha na majani yake, mizizi inaushika. Ukiufyeka hadi uchi, kisha ukapitisha juu yake farasi wa kilo mia nne na hamsini au mia tano, tena mwenye viatu vya chuma, kila kwato inang'oa bonge na kuliacha legelege. Farasi hutembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo katikati ya njia panashuka taratibu hadi panakuwa mfereji. Mtaro mnaotaka kuuchimba, farasi watauchimba wenyewe. Nyie mnausaidia uanze mapema tu.

Mvua kubwa za kwanza zilipiga usiku. Asubuhi saisi wetu akapita kukagua, akarudi anakimbia. Magogo yale ya kukatiza njia yalikuwa yamejaa udongo upande wa juu, maji yakapita kwenye ncha zake na kukata ukingo, na machache yalikuwa yameng'oka yakalala chini bondeni. (Yaliyobaki baadaye yalimalizwa na mchwa na wenye kutafuta kuni.) Chini ya kila gogo palikuwa na shimo. Kufikia katikati ya Aprili yale mashimo yalikuwa yameungana. Nilishuka mwenyewe ndani, ukuta wa udongo ukanifika kifuani, na ukiuangalia kwa karibu unaona matabaka: mweusi juu, chini yake kahawia, chini kabisa changarawe ya majivu inayomwagika ukiigusa kwa kidole. Hapo ndipo utajua kwamba ule mweusi wa juu, ambao watu wanalimia, umeshakwenda.

Umekwenda wapi? Kwenye mfereji wa kijiji.

Hili ndilo linalonifanya niandike usiku huu. Chini ya njia yetu kulikuwa na mfereji wa kumwagilia unaotumiwa na kaya nyingi, wenye zamu zake, wenye mzee wake wa kusimamia maji. Udongo wetu uliuziba. Maharage ya watu yakakosa maji pale mvua zilipokatika, na mahali pengine maji yakafurika kwenye shamba la mama mmoja, yakalala juu ya miche yake ya mboga. Tuliitwa. Mzee wa mfereji hakupiga kelele. Tulimwamkia, akaitikia, akainama, akachota tope kwa mkono wake akaliweka juu ya karatasi ya mpango wetu, ile yenye picha za mtaalamu. Akasema, "Haya, lisomeni." Wote tulinyamaza.

Wewe uko Kibosho, mkuu. Huko mna mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, iliyochimbwa na mababu kabla ya babu yako kuzaliwa, na kuna watu wanaamka alfajiri kufuata zamu. Ukiuziba mfongo, usidhani umeharibu njia ya farasi tu. Umegusa chakula cha watu, na hakuna farasi atakayepita tena kwenye ardhi hiyo kwa amani.

Tulishiriki msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuuzibua ule mfereji wao, sisi na wanakijiji, koleo kwa koleo. Pesa yote tuliyochangisha kwa ajili ya njia ikaishia kwenye mawe, viroba na nauli za kuyabeba, tukajenga vizuizi ndani ya korongo kimoja baada ya kingine, tukapanda mabingobingo na majani ya guatemala kwenye kingo. Farasi mmoja alikanyaga ukingo uliokuwa na tundu chini, akavuta kano ya mguu wa mbele, akakaa bandani miezi bila kutandikwa. Kijana aliyekuwa juu yake alianguka upande wa majani, tunamshukuru Mungu. Mtaalamu nilimpigia simu, hakupokea. Nikamtumia picha za korongo, zikaonekana zimefunguliwa, kimya. Mpaka leo anashauri watu, na namwona akisifiwa.

Kwa hiyo shika hili moja hata ukiyasahau mengine yote: usiguse ardhi kwa jembe kabla hujatembea hapo mvua ikinyesha, na mstari wa njia yako usishuke kamwe na maji. Maji yanakwenda chini, njia yako iende pembeni, ikizunguka mlima. Yakutane, yakatizane, yaachane hapohapo. Njia ikielekea kulekule maji yanakoelekea, imekuwa mto.

Msinijie na hoja kwamba njia ya ng'ombe ndiyo ya asili. Ng'ombe ana kiu na anataka kufika mtoni, anashuka wima, na mchungaji hana mpango wa kuitunza hiyo njia miaka ishirini. Angalia njia yoyote ya zamani ya ng'ombe kwenye mteremko uniambie kama siku hizi hawapiti pembeni yake kwa sababu yenyewe imeshakuwa korongo.

Sasa utaupataje mstari wa kuzunguka? Kuna fremu A, kifaa cha miti chenye umbo la herufi A cha kupimia usawa wa ardhi. Wazazi wetu wa Arumeru wanaifahamu, maana mradi wa hifadhi ya udongo wa SCAPA uliwafundisha watu hapa kuweka makinga maji na matuta ya kontua, yaani yanayozunguka mlima kwa usawa, kwa kutumia vifaa rahisi vya namna hii, na hadi leo ukienda shambani kwa mzee aliyepita kwenye mafunzo hayo utaona matuta yake yamekaa. Miti miwili ya mita mbili hivi, unaigongea msumari juu, unaweka mti wa tatu katikati kulala, unaning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe sehemu mbili, weka alama pale kamba inapokatiza ule mti wa katikati. Geuza, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, weka alama nyingine. Katikati ya hizo alama mbili ndipo usawa ulipo. Kazi ya nusu saa, gharama yake msumari na kamba.

Ukitaka njia ishuke kidogo, pachika kibao cha sentimita kumi chini ya mguu wa mbele, na miguu ya fremu iwe imeachana mita mbili. Kamba ikikaa kwenye alama ya usawa, ujue hapo ardhi inashuka sentimita tano kwa kila mita, yaani asilimia tano. Huo ni mshuko wa raha kwa farasi na kwa udongo. Usivuke asilimia kumi kwa wastani, na hata hapo, mshuko wa njia usizidi nusu ya mshuko wa mlima wenyewe. Mlima ukishuka sentimita kumi na mbili kwa mita, njia isizidi sita. Wengi wanaisahau hii sehemu ya pili: kwenye mteremko mpole wanaiacha njia ishuke kwa asilimia nane wakidhani ni salama, kumbe maji yanaona kushuka na njia ni rahisi kuliko kuivuka.

Sakafu ya njia iinamie upande wa bondeni kidogo, sentimita tatu hadi tano kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke kama tabaka jembamba na kuendelea zake. Na kila baada ya umbali fulani njia ipande kidogo halafu ishuke tena. Pale chini kabisa pa huo mbonyeo maji yatatokea pembeni hata kama mmelala nyumbani. Tumieni mibonyeo hiyo badala ya magogo. Gogo linajaa udongo, linaoza, na farasi anajikwaa. Mbonyeo ni umbo la ardhi yenyewe, hauna cha kuoza.

Kuhusu watu wa kujitolea, wapangieni kazi inayoitunza njia, kwa sababu kufungua ni siku moja ya shangwe na kutunza ni kila msimu. Kwato zinasukuma udongo upande wa nje, panajengeka kituta kidogo kwenye ukingo wa bondeni, na hicho kituta kinayazuia maji yasitoke. Kazi kubwa ya kikundi chetu siku hizi ni kukiondoa kwa jembe na reki kabla ya vuli na kabla ya masika, na kusafisha midomo ya mibonyeo. Haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo kazi. Na mvua ikinyesha sana, fungeni njia hadi udongo ukauke. Farasi mmoja kwenye tope anaharibu kazi ya watu wengi, na anaweza kuacha kiatu humo.

Pia tope lililosimama na madimbwi yaliyotuama ni mazalio ya visubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaua. Njia inayokauka inawalinda farasi wenu pia.

Matawi, kateni hadi mita tatu juu, mpanda farasi asilambwe usoni, na kateni karibu na shina, msiache kijiti kilichochongoka. Majani ya chini acheni yaote hadi ukingoni mwa njia, hayo ndiyo yanayoushika udongo wenu. Mtoni msisogee: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na njia ya kupitisha farasi kila siku si jambo la kubahatisha nayo. Nendeni serikali ya kijiji kabla ya yote, na kabla ya kwenda huko nendeni kwa mzee anayesimamia mfongo. Mwamkieni, kaeni, msikilizeni, mwombeni atembee nanyi. Yeye anajua kila mahali maji yanapopita usiku wa mvua kubwa, na hatawadai posho.

Februari acheni ipite. Masika yakianza, chukueni makoti ya mvua na vigingi, tembeeni hapo wakati inanyesha, pigeni kigingi kila mnapoona maji yanajikusanya. Pakikauka, Juni, pimeni kwa fremu, ndipo mshike majembe. Mtakuwa na Julai, Agosti na Septemba nzima kabla ya vuli, na majani yatakuwa yameanza kushika.

Fremu yetu ipo stoo. Ukiniandikia pembeni nitapanda basi la Moshi nayo, nije na kijana mmoja wa kushika kamba, na nauli yetu tutajilipia. Au njooni nyie Usa River niwashushe kwenye lile korongo mlione, ila mje na viatu vya kukanyagia tope.