Mihadhara ya uchumi mbioni bila bando
Je, kusikiliza mihadhara ya uchumi ukikimbia ni lazima uwe na bando? Hapana, njiani huhitaji bando. EconTalk, podikasti (vipindi vya sauti vya mtandaoni) ya mchumi Russ Roberts, ni ya bure, ipo tangu 2006, hutoka kila Jumatatu, na kipindi kimoja huwa kama saa nzima: uchumi zaidi, teknolojia mara kwa mara. Pakua nyumbani usiku, asubuhi zima data kabisa, kitacheza tu. Mimi ndivyo nifanyavyo nikikimbia kutoka Shangani kwenda Mikindani, Mtwara, kilomita 10 na ushee, na kipindi huisha kabla sijafika (mbio za kobe, msinicheke). Ila Kiingereza chake kizito, vingine nimevirudia mara mbili. Na sikio moja liache wazi, bodaboda wa barabara ile hawana simile.