Kasha la Bibi na Karatasi Tuliyoisahau

Mwaka wangu wa tatu katika makumbusho madogo ya mji wetu, huku pwani ya Mrima, walikuja wanaume wawili na dada yao asubuhi, kabla hatujamaliza kufagia ukumbi. Walisalimia vizuri, kisha wakauliza kasha la marehemu mama yao liko wapi. Nikawapeleka. Lilikuwa fahari yetu: njumu za shaba, yaani misumari ya mapambo, uso mzima, droo tatu chini, na chemba ya siri ambayo watoto wa shule waligombania kuiona. Kaka mkubwa akaligusa, akanyamaza kidogo, akasema: "Tumekuja kulichukua. Tunagawa mirathi."

Nikakimbilia kabati la mafaili. Aliyelipokea alikwisha staafu, na katika daftari kulikuwa na mstari mmoja tu: "Kasha, limeletwa na Bi Mkubwa wa mtaa wa pili." Neno hilo "limeletwa" lilininyima usingizi. Limeletwa kama zawadi? Kwa kuazimwa? Au aliliweka amana mpaka nyumba yake ipauliwe upya? Sikuwa na jibu, na aliyekuwa nalo tulishamzika.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napata ujumbe kutoka kwa watu wanaotaka kuanzisha makumbusho ya kijiji, ya shule au ya ukoo. Wote huuliza habari za makabati ya vioo na taa. Mimi huwauliza: karatasi yenu ya kupokelea vitu ikoje?

Kitu kikifika mlangoni, kipe moja ya majina matatu hapo hapo. Zawadi ni yenu moja kwa moja, na aliyetoa ametia saini kwamba hatakidai, yeye wala warithi wake. Azima ni ya mwenyewe, ina tarehe ya kurudi. Amana mnaitunza tu, na mwenyewe akiitaka mnampa. Msikubali "azima ya kudumu". Nimeona watu wakiisifu kana kwamba ni busara, kumbe ni ugomvi uliosogezwa mbele. Andikeni mwaka mmoja au mitatu, muda ukiisha mkae tena mzungumze. Nakala ziwe mbili, moja ibaki nyumbani kwa mwenye kitu, na pawepo shahidi kutoka upande wa familia. Sisi huongeza saini ya mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa anazijua nyumba na nani mtoto wa nani.

Ila karatasi haitoshi kama anayetia saini hana haki ya kutoa. Hili ndilo gumu kuliko yote huku kwetu. Kijana anakuletea upanga wa babu yake kwa moyo mweupe kabisa, wala hajui kwamba mali ya babu haijagawanywa na kwamba ana shangazi watatu Tanga wenye fungu lao. Kwa hiyo sipokei kitu siku ya kwanza. Naomba niende nyumbani, ninywe kahawa, niulize. Kilikuwa kwa nani kabla yako? Kilipatikana wapi? Mara ya mwisho kilitumika lini, na nani alikitumia? Nani mwingine akisikia kimetoka atanung'unika? Swali la mwisho hulileta polepole, na mara nyingi ndilo linalofungua mazungumzo yenyewe. Narekodi kwa simu, kwa ruhusa yao, kwa sababu namna bibi anavyokiita chombo chake huwezi kuipata tena akishaondoka.

Mzee mmoja alituletea msahafu ulioandikwa kwa mkono, karatasi zimekuwa kahawia, wino mwekundu bado unang'aa. Alitaka kutuzawadia. Nilipomwomba mwalimu wa madrasa atusomee ukurasa wa kwanza, tukakuta maneno yanayosema kwamba ni wakfu wa msikiti. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Mzee mwenyewe alishtuka, maana ulikuwa kwao tangu utoto wake. Tukamfuata msimamizi wa msikiti, tukakubaliana: msahafu ubaki kwetu kama amana, jina la msikiti liandikwe chini yake, na wakiutaka wautwae. Hakuna aliyepoteza. Kama ningekimbilia saini ya mzee, ningekuwa nimechukua mali ya waumini.

Kisha jifunzeni kukataa. Mfanyabiashara alitujia jioni na mlango wa nakshi juu ya pikapu, umetolewa na fremu yake, chokaa ya ukutani bado mbichi kwenye kingo. Bei ilikuwa ndogo ajabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, pamoja na fremu zake, na biashara yake si ya mtu yeyote tu. Nilimwambia hapana, nikatoa taarifa kwa wanaohusika. Wenzangu wengine walinilaumu: si ungeununua ili uuokoe? Naelewa uchungu wao, kwa sababu ulikuwa mlango mzuri mno. Lakini makumbusho ikinunua mlango mmoja uliong'olewa usiku, kesho itang'olewa mitano.

Majirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa machungu zaidi. Vigango, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa, viliibwa kwa wingi na kuuzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mkulima mmoja akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye vikatambuliwa katika makumbusho za Marekani, na mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kijijini. Kilichovitambulisha ni ile picha, iliyojulikana ilipigwa wapi na ni ya nani. Ndiyo maana nasisitiza: pigeni picha kitu kikiwa bado kwao, mwenye nacho akiwa pembeni yake.

Kuhusu namba sitasema mengi. Mwaka, namba ya mpokeo (yaani mara mliyopokea), namba ya kitu: 2014.3.2 ni kitu cha pili katika mpokeo wa tatu wa mwaka 2014. Namba iwe kwenye daftari gumu, kaunta buku inatosha, na iwe kwenye kitu chenyewe mahali pasipoonekana. Kitu kikiwa cha karatasi, namba iandikwe kwa penseli, si kalamu. Nguo na mbao zikae chumba cha pembeni kwanza, mpaka mhakikishe hazina fukusi. Ukiona unga laini chini ya kiti asubuhi, usikiingize na vingine.

Mkitaka kuazima kutoka makumbusho kubwa, mtaulizwa habari za mlinzi, kufuli, mwanga na unyevu. Nguo za kale hazitakiwi kupata mwanga unaozidi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Kama hamwezi, ombeni nakala, wala msione haya. Fuvu halisi la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam, na anayefika Olduvai kwenyewe huoneshwa nakala.

Kuazimisha ndiko kulikoniumiza. Ofisi moja ya mjini iliomba dele letu la kahawa kwa maonesho ya wiki mbili. Tuliwapa kwa kupeana mikono. Lilirudi linang'aa kama jua: walilisugua kwa dawa ya shaba, kwa nia njema kabisa, na alama ya mhunzi chini ya kitako, ambayo tulikuwa bado hatujaipiga picha, ikafutika. Hairudi tena. Tangu hapo kila kitu kinachotoka kina fomu yenye picha za pande zote, kila ufa na kila doa limeandikwa, na mstari unaosema: msisafishe, msipake chochote, msitengeneze. Gharama za njia na fidia huandikwa kabla kitu hakijanyanyuliwa. Nami husindikiza mwenyewe.

Na kasha? Tuliwapa. Niliona mahali pake patupu ukutani miezi minne. Mirathi ilipogawanywa likamwangukia yule dada, naye akalirudisha, safari hii kwa azima ya miaka mitatu. Aliweka sharti moja: harusi ikiwapo kwao, kasha liende likatiwe mavazi ya bibi harusi kama zamani, kisha lirudi. Niliandika sharti hilo kwa furaha.

Harusi ya kwanza ilikuja Shaaban iliyofuata. Mkokoteni umeshafika mlangoni, vijana wanasubiri, mimi nina haraka ya kutia saini. Dada akaniwekea mkono kwenye fomu. "Ngoja kwanza, kaka yangu." Akachuchumaa, akapitisha kidole upande wa kushoto, safu baada ya safu, akihesabu kimoyomoyo. "Hapa njumu mbili hazipo. Ziandike kabla halijatoka."

Nikaziandika.