DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR3

Ndugu, umesema RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) uliyonunua, DDR4 ya GB 8, haikai kwenye laptopu yako ya DDR3, kizazi cha nyuma cha RAM. Usiilazimishe! Tazama ule mkato katikati ya meno ya rangi ya dhahabu: umehamishwa makusudi. Hata umeme wake ni tofauti. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 1.2. Irudishe.

Sasa zima mashine, chomoa betri, toa ile ya zamani usome lebo. Ikiandikwa PC3L, yaani DDR3 ya umeme mdogo, ni ya volti 1.35, na kuna mashine zisizokubali PC3 (DDR3) ya kawaida ya volti 1.5. Mimi niliwahi kuidharau hiyo L, mashine ikagoma kuwaka.

Ukinunua ya mtumba, ipime kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja, rudisha. Ukikuta RAM imechomelewa kwenye ubao, mwachie fundi.