Jibu: Kreme itangoja, hicho kidonda hakingoji

Mama, kreme utanunua baadaye. Umeuliza kreme gani ya jua ni nzuri kwa mtoto albino hapa Bukavu, bei gani, na kama ku masomo watamruhusu mikono mirefu, halafu ku mwisho kabisa, kama kitu kisicho na maana, unasema ana kidonda ku shingo tangu Pasaka na mtu wa farmasi amekupa pomadi, "inaanza kukauka". Hapo njo damu ilinipanda.

Mdogo wangu alianza vile vile. Kidonda kidogo juu ya sikio, asubuhi gamba limebaki ku foronya, kinafunga, kinafunguka tena. Mwenye farmasi moja, bluzi nyeupe, kalamu ku mfuko, sisi wote tukimwita dokta (dokta wa nini, Mungu anajua), akatupa pomadi ya antibiotiki, baadaye ya kortizoni. Na kweli wekundu ukapungua, tukamshukuru, tukarudi kununua ingine, kumbe kortizoni inatuliza ile ya juu tu na chini kule kitu kinaendelea kula. Dokta wa kweli alikata kipande, labo ikasema kansere ya ngozi, na nusu ya sikio ikaenda. Sasa miwani haishiki upande ule, ameifunga na lastiki, anajiita pikipiki ya kioo kimoja. Tunacheka. Pesa ya operesheni hatuichekagi.

Basi: kidonda ku ngozi ya albino kikipita mwezi bila kupona, acha kupaka, peleka wakate kipande kiende labo. Hata kama hakiumi. Hata kama kinakauka-kauka. Kikikamatwa mapema kinatolewa, kinabaki kovu.

Na wale wa kampeni pia: kila 13 Juni, siku ya albino ya Umoja wa Mataifa tangu 2015, ni kofia, hotuba, picha, na hakuna anayegeuza sikio la mtoto aangalie nyuma. Wenzetu wa Moshi, Tanzania, wanatengeneza kreme yao, Kilisun, na watoto wanakaguliwa ngozi.

Kreme ni SPF (ile namba ya kuzuia jua, imeandikwa ku kopo) 30 kwenda juu, kila masaa mbili, na usidanganywe na baridi yetu, tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, jua linapita mu mawingu. Bei sijui, ya masomo uliza prefe, mkubwa wa masomo. Kesho kwanza shingo. Ile pomadi usiitupe, uende nayo, dokta asome imeandikwa nini.