Vipele vya mtoto kuzunguka mdomo: tazama vilipokaa kabla ya kushika tyubu

Dada, umesema mwanao wa miaka minne ana vipele vidogo kuzunguka mdomo, havina maji, hana homa, anakula vizuri, na kila ukimpaka tyubu uliyouziwa duka la dawa vinatulia, ukiacha vinarudi vingi kuliko mwanzo. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachonifanya niandike, maana mimi ni nesi kwenye kliniki ya ngozi na maelezo kama yako tunayasikia kila mara.

Tyubu nyingi za aina hiyo ni mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi ndiyo inayotuliza ngozi haraka, hivyo mama anaona amepata dawa. Lakini ngozi ya uso ni nyembamba, ya mtoto ndiyo zaidi, na ikizoeshwa steroidi inaota vipele vyake yenyewe kwenye kidevu, pembeni mwa pua, hata chini ya macho. Unampaka tena vitulie, navyo vinazidi kuitegemea dawa.

Mpeleke dirishani kwenye mwanga umtazame. Kama ukanda mwembamba unaogusa lipsi umebaki msafi na vipele vimeanzia nje yake, shaka yangu ni kwamba ni vipele vilivyoletwa na hiyo steroidi. Usitafute wekundu kama wa picha za mtandaoni. Kwenye ngozi zetu nyeusi vinaweza kuwa vya kahawia au rangi ileile ya ngozi, na unavigundua zaidi kwa kupapasa.

Tiba ni kuacha tyubu hiyo. Kama umempaka muda mrefu, mwone daktari kwanza, kwa sababu wengine hushushwa taratibu kwa steroidi hafifu kabla ya kukatishwa kabisa. Na ujiandae: ukishaacha, siku za mwanzo vinachachamaa kuliko ulivyowahi kuviona. Kina mama wengi wanakata tamaa hapo, wanarudi dukani, na mzunguko unaanza upya. Vumilia. Mwoshe uso kwa maji ya uvuguvugu tu, acha sabuni ya harufu, acha poda, acha kumsiliba mafuta mazito usoni, na akipiga mswaki mfute povu la dawa ya meno lisikaukie kidevuni. Vikigoma, daktari ataongeza jeli ya metronidazo au erithromisini ya kunywa. Doksisaiklini anayotumia mtu mzima usimpe, mtoto wa chini ya miaka minane inaweza kumharibia rangi ya meno. Kupona kabisa kunachukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Jambo lingine ambalo watu hawapendi kuulizwa: kuna mtu nyumbani anatumia krimu ya kung'arisha? Nyingi zina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali mno, na mikono iliyotoka kuipaka ndiyo inayomfuta mtoto mdomo.

Sasa niwajibu na wengine humu. Aliyesema ni homa imetokea mdomoni anazungumzia kitu kingine. Yale ni malengelenge ya kirusi cha hepesi: yanaanza kwa kuwasha na kuchoma ukingoni mwa lipsi, yanajaa maji yakiwa kifungu kimoja, yanapasuka, yanakauka ndani ya siku saba hadi kumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wana kirusi hicho, kwa hiyo si aibu ya mtu. Homa yoyote, malaria ikiwemo, inaweza kukiamsha. Asiklovia, dawa ya kirusi hicho, inasaidia ikianzwa mapema, pale panapoanza kuchoma. Mwenye nayo asimbusu kichanga hata kidogo, inaweza kumuua.

GV, ile dawa ya zambarau iliyoshauriwa humu, haina kazi kwenye vipele vya mtoto huyu. Utando mweupe wa ndani ya mdomo, ule usiotoka ukifutwa kama maziwa yanavyotoka, ni fangasi, na nistatini ya matone ndiyo tunayoanza nayo. Mama anayenyonyesha naye atibiwe chuchu, la sivyo wataambukizana. Mtu mzima akipata utando huo bila sababu ya wazi, apime sukari na VVU.

Kama vingekuwa vidonda vyenye gaga la rangi ya asali vinavyosambaa haraka na kuhamia kwa nduguze, ningesema bakteria: lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu, paka krimu ya fusidiki ya kuua bakteria, kata kucha, kila mtoto na taulo lake. Mtoto anayejilamba lipsi hovyo hupata duara kavu jeusi hadi pale ulimi unapofika, na huyo vaselini inamtosha. Msimu wa maembe nao una vipele vyake, vya utomvu. Osha embe, limenye, umkatie vipande.

Ila yapo ambayo hupaswi kusubiri majibu ya humu. Mtoto aliyetoka kunywa dawa mpya, hasa za salfa au za kifafa, kisha lipsi zikavimba na kuchubuka, macho yakawa mekundu, ngozi ikaanza kutoa malengelenge: acha dawa hiyo na ukimbie hospitali usiku huohuo. Vilevile akiwa na homa na hawezi hata kunywa maji. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kwa mtu mzima, hasa mvuta sigara au mla ugoro, kionwe na daktari wa meno.

Kama uko kanda ya kaskazini ya Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na maofisa tabibu waliosomea ngozi pale utawakuta kwenye hospitali za mikoa mingi. Ukienda, beba boksi la tyubu hata kama ni tupu. Na hapa utuandikie majina ya dawa yaliyochapwa juu yake, umempaka tangu lini, na kama huo ukanda wa kando ya lipsi ni msafi, ili nikwambie kama ni ya kuacha leo au ya kusubiri daktari.