Shangazi, harusi bila bendi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu anaolewa Tanga. Bendi ya taarabu ni ghali, na kaka yetu ametengeneza nyimbo zenye jina la bibi harusi kwa Suno, programu ya akili bandia inayotunga na kuimba. Tuachane na bendi?
Dada mtu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Wimbo ulionitumia nimeusikia. Sauti tamu, ila jina la bibi harusi limetamkwa kama dawa ya malaria! Mwaka 2024 wakubwa wa rekodi za muziki, Sony, Universal na Warner, walizishtaki Suno na mwenzake Udio huko Marekani, wakidai zimetumia rekodi zao bila ruhusa. Hayo tuwaachie mawakili.

Mimi nauliza, nani atatunzwa? Kwenye taarabu mtu husubiri ubeti unaomhusu, akainuka na noti yake, akaenda akiyumba taratibu hadi kwa mwimbaji, jicho likiwa kwa yule aliyekaa pembeni. Ukumbi mzima unajua nani kasemwa. Spika utaitunza wapi?

Wimbo wa kaka upigeni bibi harusi akiingia. Baada ya hapo tafuteni mpiga kinanda na mwimbaji mmoja tu, bei mtaelewana. Kaka akinuna, mpeni kazi ya jenereta.