Kitulo kwa gari toka Dar: kupandia Chimala Desemba

Mkuu, umeuliza kama IST yako, gari dogo la chini, itakufikisha Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwezi Desemba wewe, shemeji na watoto, mkipandia Chimala, na kama siku mbili zinatosha kwenda na kurudi. IST kwa njia hiyo hapana. Siku mbili ni kujitesa.

Dar hadi Chimala, kwenye barabara ya Mbeya, ni kama kilomita 750. Hapo hesabu vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki, pamoja na Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na twiga hana haraka na wewe. Alfajiri uwe umeshaipita Mlandizi, ulale Iringa. Ukilazimisha kufika siku hiyohiyo utaupanda mlima usiku, na umesafiri kote huko ili uone.

Ukitoka Ruaha Mbuyuni utakutana na mlima Kitonga, na wengi wanaogopa kupanda. Kupanda kunachosha gari tu, injini ikichemsha unasimama unasubiri ipoe. Kinachoua ni kushuka. Ukishuka umekanyaga breki muda wote zinapata moto, mafuta yake yanachemka, pedali inazama mguuni bila kushika kitu. Kwa hiyo shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kama ni otomatiki toa D, weka 2 au L, injini ipige kelele tu. Na utingo wa lori akikupungia mkono upite kwenye kona, mshukuru ubaki nyuma yake.

Sasa Chimala. Njia ya kwenda Matamba, huko juu karibu na Kitulo, inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, zote zimebanwa ndani ya kilomita kama tisa. Ni ya kokoto na mawe, inataka gari ya juu yenye foo wili (4x4). Lori la viazi likishuka limejaa, usianze kubishana nani mwenye haki. Tafuta palipo papana ulisubiri. Halafu hapo uliposimama geuka uangalie chini: bonde lote la Usangu, mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Sijaona barabara nyingine ya kusini inayonipa hivyo.

Kuhusu Desemba, umechagua vizuri na vibaya kwa pamoja. Maua ya Kitulo, zikiwemo aina 45 za okidi, hutoka Desemba hadi Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Juni hadi Agosti kukavu, ila maua hakuna na usiku barafu inaganda kwenye majani. Ukitaka maua, kubali tope. Mvua mara nyingi huanza mchana, hivyo saa moja asubuhi uwe umeanza kupanda, na uweke siku moja ya akiba.

Juu ni kama mita 2,600. Hewa nyepesi, injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu robo ya nguvu zake, kwa hiyo mabegi ya ziada yabaki. Makoti yasibaki! Sisi wa Dar tukiweka AC 22 tunasema baridi.

Kama umekomaa na IST, ingilia Makambako, Njombe hadi Makete mjini, lami yote, ila ukungu upo. Iache hapo, kisha panda Kitulo kwa gari la kukodi. Na hata ukipanda na foo wili kwa Chimala, kama mvua imenyesha usirudie Hamsini na Saba: tokea Makete, Njombe, Makambako, tayari uko njia ya Dar.

Jaza mafuta kabla ya kupanda, na getini TANAPA hawapokei fedha taslimu.

Shemeji anaendesha? Kama ndiyo, hiyo ratiba ya Iringa inabadilika kidogo.